Baba, Mwana na Keremkerem

Katika shamba moja upande wa Gilgil, mahali ambapo ardhi hukatika ghafula na kushuka mtoni, upo ukingo wa udongo uliotobolewa matundu mengi na ndege waitwao keremkerem. Mwenye shamba hilo ana wana watano. Mkubwa wao alipata kazi ya ukarani mjini Nakuru, na kwa muda wa miaka tisa mshahara wake ulikwenda nyumbani kulipa karo ya wadogo zake. Kila alipotaja habari ya kuoa, baba alikuwa na jibu tayari. Mara mvua haikunyesha. Mara mdogo wake amefaulu mtihani na hapana budi aende shule. Mara ng'ombe waliowekwa kwa ajili ya mahari wameuzwa ili nyumba iezekwe. Mwisho kijana akachoka. Akapanga chumba mjini, akakaa na mchumba wake bila mahari kutolewa, wala hakutuma tena hata shilingi moja. Baba akapeleka habari kwa wazee, akisema kwamba mwanawe ameikana jamaa yake.

Mashauri ya namna hii ni mengi, na kila asikiaye huwa na upande wake. Wenye mvi husema kijana ni mtovu wa adabu, na vijana husema baba ni mchoyo. Lakini kabla ya kuhukumu, si vibaya kutazama kule chini mtoni.

Keremkerem wa huko ni ndege mdogo wa kijani, mwenye paji jeupe na koo jekundu. Wafugaji wa nyuki hawampendi, maana humkamata nyuki hewani, akampigapiga juu ya tawi na kumsugua mpaka mwiba wake usiweze kudhuru, ndipo ammeze. Ndege hawa hukaa kwa jamaa: wazazi, wana waliokwisha kukua, wake za wana, hata wajukuu. Jamaa nyingi huchimba matundu katika ukingo mmoja, na kila tundu huingia ndani kadiri ya mita moja. Bwana Stephen Emlen wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na mwenzake Peter Wrege, waliwachunguza karibu na Nakuru kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1970, wakiwatia alama hata wakajua nani ni mwana wa nani.

Waliyoyaona yangemfanya mzee yeyote acheke, kisha anyamaze. Ndege wengi waliokomaa hawazai mwaka huo, bali huwasaidia ndugu zao: huchimba, hulalia mayai na kuleta wadudu kwa makinda wasio wao. Tena hawasaidii ovyo. Humchagua aliye karibu zaidi kwa damu. Jike aliyeolewa katika jamaa ya mumewe hajishughulishi na makinda ya wakwe zake, lakini akifiwa au wakiachana, hurudi kwao na kuwasaidia wazazi wake. Na wizi pia upo. Wako majike ambao huingia kwa hila katika tundu lisilo lao na kutaga yai humo, wakimwachia mwingine kazi ya kulea.

Jambo la ajabu kuliko yote lilichapishwa na mabwana hao mwaka 1992. Yawa kwamba kijana dume akipata mke na kuanza kujitengenezea tundu, baba yake huja kumsumbua. Humfukuza katika mahali pake pa kuwindia, huingia kati anapotaka kumlisha mkewe, hata hukaa mlangoni pa tundu asipate kuingia. Baba hapigani ili kumwumiza. Humsumbua tu, siku baada ya siku, na mara nyingi kijana huacha shauri lake la kuzaa, akarudi kwa baba kulisha wadogo zake.

Kwa nini kijana hakubali kupigana? Hesabu yake si ngumu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki nusu ya damu, sawasawa na mzazi na mtoto wake. Basi kijana akilisha wadogo zake, huilea damu iliyo karibu naye kama ya watoto wake mwenyewe. Na kwa kuwa makinda wengi hufa kwa njaa, msaidizi mmoja huokoa maisha mengi. Kijana hapotezi mengi. Baba ndiye apataye faida kubwa, maana mtoto ni nusu yake, na mjukuu ni robo tu. Ugomvi na msaada, kwa ndege huyu, vyatoka katika damu ile ile.

Baba wa Gilgil angefurahi kusikia hayo, lakini yasingemsaidia sana mbele ya wazee. Keremkerem aliyerudishwa nyumbani hupoteza msimu mmoja, na msimu ufuatao aweza kuzaa. Karani yule alipoteza miaka tisa, na mchumba wake vilevile. Tena ndege hakuahidiwa kitu. Mwana huyu aliambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba zamu yake inakuja, na aliyesema hivyo hakutaja siku. Kumwita mwana mkubwa awabebe wadogo si kosa, kwani bila hayo shule nyingi zingekuwa tupu. Kosa ni kumbebesha mzigo usio na mwisho, halafu kumwita mkaidi anapoutua.

Wazee walikaa Jumamosi, chini ya mti ulio karibu na zizi. Baba alisema kwa muda mrefu. Kijana alisema maneno machache: "Baba, sikukataa kukusaidia. Nilikuuliza mpaka lini, nawe hukunijibu." Mama yake, ambaye hakuna aliyemwuliza, akaeleza mbele ya wote majina ya watoto waliosomeshwa na kaka yao, mmoja mmoja, na vyeti walivyopata. Hapo mzee mmoja akamwuliza baba ng'ombe waliobaki ni wangapi.

Walihesabiwa saba, na mahari ilikuwa kumi. Baba alitazama chini. Ndipo mwana wa pili, ambaye sasa ni mwalimu, akasimama na kusema kwamba watatu waliopungua atawanunua yeye, mmoja kila mwaka, na mzee wa baraza akaandika jambo hilo katika daftari lake pamoja na tarehe.