Kaseti za Nyumbani: Nakili Kwanza, Kata Baadaye

Katika nyumba nyingi za Masisi na Walikale zimo kaseti za video. Hukaa ndani ya sanduku, pamoja na kadi za ubatizo na picha za marehemu. Ni kaseti za arusi, za komunyo ya kwanza, za kilio, za siku kijana wa kijiji alipopewa upadri. Mtu akikimbia vita huchukua watoto, sufuria na godoro. Na nimewaona wengine wamefunga kaseti katika kitenge kama kitu cha thamani. Mashini ya kuichezesha hawana tena, lakini kaseti yenyewe hawaiachi.

Kwa kuwa nilijifunza kompyuta kidogo wakati wa masomo ya seminari, watu huniletea kaseti hizo na kuniambia: "Mwalimu, ututilie katika diski." Na vijana huongeza swali: "Utatumia programu gani ya kukata na kupanga picha?" Swali ni zuri, lakini si la kwanza. Nitaeleza sababu.

Kaseti za VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1976. Kampuni Funai ya huko huko, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za kuzichezesha, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016. Basi kila deki unayoiona leo ni kuukuu, na siku moja haitapona. Tena mkanda wenyewe huharibika. Katika misitu ya Walikale kuna joto na unyevu, na juu Masisi mvua haina haya. Kuvu nyeupe huota pembeni mwa mkanda. Kaseti yenye kuvu usiitie katika deki, maana itachafua deki, na deki itachafua kaseti nyingine zote. Mpe kwanza mtu anayejua kuisafisha. Jambo jingine: kaseti nyingine zilirekodiwa kwa mtindo wa SECAM uliotumiwa na Wafaransa. Ukizichezesha katika deki ya PAL peke yake, picha hutoka bila rangi. Usiseme mkanda umekufa. Tafuta deki ijuayo mitindo yote miwili.

Basi kazi ya kwanza ni kunakili. Deki huunganishwa na kompyuta kwa kifaa kidogo cha kunasa picha, na OBS Studio, programu ya bure, hupokea picha hizo. Hapa hakuna haraka: kaseti ya saa tatu yataka saa tatu kamili za umeme. Kwetu umeme wa jua ndio utegemewao, nayo betri ina kipimo chake. Mimi hupima betri kwanza, ndipo nianze, na hufanya kazi hiyo mchana jua likiwaka.

Sasa twaja kwenye programu ya kukata. Wengi wa rika langu walianza na Windows Movie Maker, lakini Microsoft iliacha kuitoa mwezi wa Januari 2017. Adobe Premiere Pro ni nzuri, ila yataka malipo kila mwezi. Nani kwetu ana uhakika wa mwezi ujao? DaVinci Resolve ina namna ya bure, lakini yataka kompyuta yenye nguvu nyingi. Zimebaki Shotcut na Kdenlive, ambazo ni za bure, hufanya kazi bila intaneti, wala hazitii alama yao juu ya picha zako. Mimi nimechagua Shotcut, kwa sababu mashini yangu ya mitumba yaiweza. Kipimo changu ni hiki: programu nzuri ni ile ambayo kompyuta yako, betri yako na mfuko wako vyaweza kuichukua. Tena programu hizo hazigusi nakala ya kwanza. Huandika maagizo tu: hapa kata, hapa unganisha. Ukiitunza nakala ile, kosa lolote la kukata hutengenezeka.

Ndugu, hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka mlishike. Mama mmoja, mkimbizi kutoka vilima vya Masisi, aliniletea kaseti ya arusi yake. Alitaka nibakize Misa, keki na zawadi tu. Mengine, alisema, yanachosha. Nilinakili yote, kisha tukatazama pamoja ili anionyeshe pa kukata. Tulipofika nyuma ya nyumba, ambako mpiga picha alikuwa amezunguka tu bila kazi, tuliona wanawake wakipika, na kijana mmoja akibeba kreti ya chupa huku akicheka. Yule mama aliniambia nisimamishe. Alikuwa mdogo wake, aliyekufa vitani, na picha yake nyingine hawana. Nyuma yake ilionekana nyumba ya baba yao, ambayo leo haipo, na shamba la migomba.

Kumbe yale yanayochosha ndiyo yaliyobeba watu! Keki ya arusi hufanana na keki nyingine. Lakini wageni waliokaa kimya penye mabenchi, sauti ya bibi akiita watoto kwa Kihunde au Kinyanga, njia ya kijiji kabla haijaota majani, hayo hayapatikani popote tena. Nchi yetu imeona vita tangu 1993, ilipoanza Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi. Na mwezi wa Machi 2025 vita ilifika Walikale penyewe. Nyumba ngapi zimebaki katika kaseti tu? Ndiyo sababu mimi hutoa diski mbili: moja fupi ya kuwaonyesha wageni, na moja ndefu isiyokatwa hata kidogo.

Diski ya DVD ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7, yaani kama saa mbili za picha nzuri. Kaseti ndefu igawe katika diski mbili, usiibane mpaka nyuso zififie. DVDStyler, nayo ya bure, hupanga orodha ya sehemu ili mzee aweze kuchagua. Ukiisha kuandika diski, ichezeshe yote katika mashini nyingine kabla ya kumpa mwenyewe. Usibandike karatasi juu yake, wala usiianike juani. Na diski nayo si ya milele: kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuitia. Kwa hiyo weka nakala nyingine katika diski kuu ya nje au flashi, na nakala moja ikae kwa ndugu katika mji mwingine. Nyumba moja yaweza kuungua. Mbili kuungua siku moja ni shida.

Wengine wasema mambo haya ni ya wageni. Sivyo. Tantali ya Rubaya na bati ya Bisie huingia katika simu na kompyuta za dunia nzima. Jasho la vijana wetu limo ndani ya mashini hizo. Yafaa basi nyuso zetu nazo zitunzwe humo.

Jioni hii ufungue sanduku. Andika juu ya kila kaseti ni ya nani, ya wapi na ya mwaka gani, maadamu wazee wanaokumbuka wako hai. Kazi hiyo haitaki umeme.