Saini ya Dakika Kumi, Deni la Mwaka Mzima



Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, sisi tunaofundisha madrasa hapa Nyamirambo, Kigali, tumezoea kuulizwa maswali ya twahara, swala, ndoa na mirathi. Lakini watoto wetu wengi siku hizi wanasoma na kufanya kazi nchi za mbali, na maswali yao yanatufuata kwa simu. Kuna moja lililotoka Uingereza ambalo tumeona tuwashirikishe, kwa idhini ya mwenyewe na bila kumtaja jina, kwa sababu linaweza kumfika mtoto wa yeyote kati yetu. Lilianza na jambo dogo na zuri: mazoezi ya mwili.

Kijana wetu huyu alipita mbele ya ukumbi wa mazoezi, ule ambao vijana wanauita jimu, akaalikwa aingie atazame tu. Akatembezwa, akaulizwa uzito wake na lini anataka kuupunguza, akapewa maji baridi. Kisha akaambiwa kwamba ada ya kujiunga imefutwa kwa siku ya leo pekee, na kesho itarudi. Akaweka saini kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta ndogo na kutoa namba ya akaunti yake ya benki. Yote hayo hayakuchukua zaidi ya dakika kumi. Masharti aliyatumiwa baadaye kwa barua pepe, na humo ndimo mlimokuwa na maneno miezi kumi na miwili, kila mwezi paundi 35.

Alilipa miezi mitatu. Mwezi wa nne kazi yake ya ghala ikapunguzwa siku, naye akaenda benki akazuia pesa zisikatwe, akidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Kuzuia malipo benki hakuvunji mkataba. Ikaja barua ya kwanza, ya pili, kisha barua ya kampuni ya kukusanya madeni: paundi 315 za miezi tisa iliyobaki, na juu yake gharama za kuchelewa na za kuandika barua, jumla paundi 390. Pesa aliyokuwa akimtumia mama yake kila mwezi kwa ajili ya ada za wadogo zake ikasimama. Mama alipouliza, aliambiwa benki ina hitilafu.

Hapo ndipo alipotupigia simu. Swali lake hatutalisahau: "Ustadhi, mlitufundisha Muislamu hutimiza mkataba. Nimepata pa kukopa ili niutimize, lakini kuna riba. Nifanye nini?"

Tazameni, ndugu zangu, shetani anavyoingia kupitia mlango wa wema. Kijana anataka kutimiza ahadi, na njia aliyoiona ni ya haramu.

Biashara hii inavyofanya kazi

Kwanza tuielewe biashara yenyewe. Ukienda sokoni Kimironko ukaambiwa bei usiyoitaka, unaondoka, na mara nyingi muuzaji anakuita urudi. Ukifika nyumbani hudaiwi kitu. Jimu ya mkataba haiuzi hivyo. Inauza matumaini ya mtu juu ya nafsi yake, na inayauza saa ile ile yalipo juu kabisa.

Wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha mwaka 2006 utafiti wao juu ya kumbi tatu za mazoezi nchini Marekani. Waliochagua kulipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walihudhuria kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila hudhurio liliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua tiketi ya mara kumi na kulipa dola 10 kwa kila mara. Na walipoacha kwenda, ilipita zaidi ya miezi miwili kabla ya kujitoa. Hawakuwa wajinga. Walijiona watakuwa watu wa bidii zaidi kuliko walivyokuja kuwa, kama sisi tunavyojiahidi mwezi wa Shaaban tutakavyosoma Qur'ani.

Kutaka afya si kosa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu anapendwa zaidi na Allah kuliko Muumini dhaifu, ingawa kila mmoja ana kheri. Tatizo ni haraka tunayotiwa ili tusisome.

Dini yetu inasemaje

Ni kweli kwamba kutimiza mikataba ni amri ya Qur'ani. Na deni si jambo la mchezo. Inajulikana katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari chache, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitwika deni lile. Na alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na deni, akaeleza sababu: mwenye deni akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja. Kijana wetu alishaanza. Ile hitilafu ya benki haikuwepo.

Lakini somo hili lina nusu ya pili, na wengi wanalikata kabla ya kufika huko. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni, kuandikiana na mashahidi, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Maandishi yamewekwa yalinde pande zote mbili, hayakuwekwa yawe mtego. Na alikuwepo Sahaba aliyekuwa akipunjwa katika biashara. Mtume (s.a.w.) alimfundisha kuweka sharti kwamba pasiwe na hadaa, na katika baadhi ya riwaya akapewa hiari ya siku tatu kukubali au kurudisha. Basi kuomba muda wa kufikiri ni jambo tulilorithi, si ujeuri.

Kuhusu kukodi manufaa, yaani ijara, mafakihi wanasema malipo huwajibika pale manufaa yanapowekwa tayari kwa mkodishaji, hata kama hakuyatumia. Kwa hiyo mtu hawezi kusema "sikwenda, sidaiwi". Lakini pia madhehebu ya Hanafi yanakubali ijara kuvunjwa kwa udhuru wa kweli unaomfika mtu, ingawa jamhuri ya wanazuoni hawakubali udhuru wa nafsi peke yake. Maana yake, hata vitabu vyetu vimejadili hali ya mtu aliyeingia mkataba kwa nia njema kisha maisha yakampindukia.

Sheria ya nchi ile inasemaje

Mwezi Mei 2011 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na ofisi ya serikali ya kusimamia biashara ya haki dhidi ya kampuni ya Ashbourne, iliyokuwa ikiandaa mikataba ya jimu na kukusanya malipo. Jaji aliona kwamba kumfunga mteja kwa zaidi ya mwaka mmoja bila njia ya kutoka mapema, katika mikataba ile, hakukuwa haki. Akaona pia kwamba mfumo ule ulijengwa juu ya udhaifu wa wateja wasio na uzoefu. Leo Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inasema sharti lisilo la haki halimfungi mteja.

Jambo jingine: aliyejiunga kwa intaneti au kwa simu kwa kawaida ana siku 14 za kubadili mawazo. Aliyeweka saini ndani ya jimu yenyewe hana haki hiyo moja kwa moja, isipokuwa mkataba umempa. Hii ndiyo sababu wanapenda uingie "utazame tu".

Tulichomshauri

Jambo la kwanza tulilomwambia ni kuuacha ule mkopo. Tangu mwaka 2015 sheria ya kule imeweka mpaka kwenye mikopo ya haraka, lakini mpaka wenyewe ni huu: gharama zote zisizidi kiasi kilichokopwa. Yaani aliyekopa paundi 300 anaweza kufikishwa kurudisha 600. Huko ni kukimbia moshi ukaangukia motoni, mbali na dhambi ya riba.

Pili, azungumze na wanaoshauri wenye madeni bure. Uingereza wapo StepChange, National Debtline na Citizens Advice. Wanaotoza pesa kwa huduma hiyo awakwepe. Kwa mwenye madeni mengi, England na Wales zina utaratibu ulioanza Mei 2021 ambapo mshauri humuombea mdaiwa siku 60 za kupumua, riba na gharama nyingi zikasimama na wadai wasimfuate. Sisi tuliposikia hayo tulikumbuka aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayotaka mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi.

Tatu, asitupe barua yoyote. Karatasi ya mahakama isipojibiwa ndani ya muda wake, mara nyingi siku 14, hukumu hutolewa bila yeye kusikilizwa, na isipolipwa ndani ya mwezi mmoja hubaki kwenye rekodi yake miaka sita. Mwenye hukumu hiyo anaweza hata kunyimwa nyumba ya kupanga.

Nne, aiandikie jimu, aeleze kupunguzwa kazi na kuambatanisha ushahidi wa mshahara, aulize kila gharama iliyoongezwa inatoka kifungu gani cha mkataba, na ataje kiasi anachoweza kulipa kweli. Asiahidi zaidi ya hapo.

Tano, amwambie mama yake ukweli. Hili lilimchukua siku nyingi kuliko yote manne.

Alhamdulillah, baada ya barua tatu kampuni ilifuta zile paundi 75 za nyongeza na kukubali paundi 315 zilipwe 21 kila mwezi kwa miezi kumi na mitano. Kila mwezi anatuonesha risiti bila kuombwa. Baadhi ya jamaa msikitini walitaka kumchangia, na wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka katika Suratut Tawba. Yeye akasema ana mikono na kazi kidogo, wapewe wasio na kazi kabisa. Mama yake naye alitwambia neno moja: "Zile paundi tungezivumilia. Mimi niliumia kudhani mwanangu ametusahau."

Kwa wazazi na wanafunzi

Ndugu zetu, tunapowaaga watoto wetu uwanja wa ndege tunawausia swala na chakula cha halali. Tuongeze na haya. Bei iliyo ya leo pekee, iache na leo yake ipite. Usitoe namba ya benki kabla ya kusoma muda wa mkataba na namna ya kutoka. Tafuta jimu ya kulipa kwa siku au kwa mwezi bila kufungwa, nazo zipo, au fanya mazoezi bustanini bure. Ukiwa umeshaweka saini, timiza lililo haki, kataa lililo dhulma, na yote mawili uyafanye hadharani kwa maandishi na kwa adabu.

Na nyie wazazi, mtoto akipiga simu kusema amefungwa na deni, msianze na lawama. Akikuta ukali nyumbani, atakwenda kwa mkopeshaji wa riba, maana huyo humpokea kwa tabasamu.

Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali Yake tusihitaji haramu Yake, na awalipie wenye madeni miongoni mwetu. Amin.

Wallahu a'lam.