Wahami wa Kivu: kuzungumza juu ya kifo kabla ya kilio

Hapa Kivu, mtu akifariki, hakuna anayengoja kualikwa. Majirani wanaleta kuni, makala, maharagwe na sukari. Vijana wanafunga hema na kuazima viti. Papa mmoja anashika daftari na kuandika majina ya wenye kuchanga pesa ya sanduku. Usiku watu wanazunguka moto na kuulizana: marehemu aliugua nini, alisema nini mwisho, nani alikuwa anamdai?

Lakini maulizo hayo yanakuja wakati mwenyewe hawezi tena kujibu.

Ndivyo ilivyomfikia mama mmoja mhami kutoka Masisi, aliyepokelewa na jamaa moja mjini Goma. Muzee wake aliugua miezi mingi. Kila mtu nyumbani aliona kwamba hatapona, lakini hakuna aliyesema. Kijana wake mkubwa alipojaribu kuuliza, mashangazi walimnyamazisha, eti anamwitia baba yake kifo. Muzee alipofariki, wadogo zake walitaka azikwe kwenye shamba la migomba, karibu na baba yake. Njia haikupitika. Mwili ulingoja siku tatu, mchango ukaisha, jamaa ikagawanyika. Mwishowe akazikwa Goma. Mpaka leo kuna mashemeji wasiomsalimu mjane, wakisema alimtupa ndugu yao ugenini. Naye hana la kuwajibu, kwa sababu hakumwuliza.

Tangu hapo, matanga yakiisha kwa jirani, mama huyo anabaki mkekani na wamama wengine wachache. Wanaulizana wakiwa wazima: Nikifia hapa, mnizike wapi? Watoto wadogo watabaki na nani? Nani ananidai? Karatasi ya shamba iko wapi? Siku za kwanza wengine waliondoka, wakisema hiyo ni mikosi. Baadaye walirudi, wengine pamoja na waume zao. Bibi mmoja alisema mbele ya wote kwamba akifia Goma azikwe Goma, na pesa ya kumsafirisha isaidie masomo ya wajukuu. Watoto wake walilia. Lakini walisikia, na hakuna atakayewalaumu kesho.

Faida ya kuzungumza ilionekana pia wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ugonjwa huo ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukaisha mwezi wa sita 2020, na watu zaidi ya 2,200 walifariki. Vikosi vya mazishi vilipofika kuchukua mwili bila kueleza, jamaa nyingi zilikataa, na mahali pengine mawe yalirushwa. Pale jamaa ilipoelezwa, ikauliza, ikachagua nani ashuhudie mazishi, kazi ilifanyika kwa utulivu zaidi.

Sheria nayo inatambua maneno ya mtu anayeondoka. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 inakubali wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na sahihi yake. Kwa mtu anayeona kifo kimekaribia, inakubali hata wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili watu wazima. Anaweza kusema azikwe namna gani na nani awalee watoto wake wadogo. Kwa mhami aliyeacha karatasi zote nyumbani akikimbia, mashahidi wawili wanaweza kupatikana hata ndani ya hema.

Si lazima maneno yote yasemwe siku moja. Katika mikutano ya mama huyo, mgeni anaanza na ulizo moja jepesi: kukitokea jambo, nani apigiwe simu kwanza? Namba inaandikwa kwenye daftari, na mengine yanangoja siku nyingine.