Ralph Bunche, mpatanishi wa Rhodes

Mwaka juzi wazee wa kijiji chetu walinituma nipatanishe jamaa mbili zilizogombea mpaka wa shamba. Mimi, kwa kuwa nilisoma seminari, nilidhani najua kusema. Nikawaita wote siku moja barazani, nikawahubiria saa nzima. Jua lilipokuchwa, kijana mmoja alikuwa amepasuliwa kichwa kwa mpini wa jembe. Tangu siku ile nawatafuta vitabuni watu waliojua kazi niliyoiharibu, na aliyenifundisha kupita wote ni Ralph Bunche.

Bwana huyu alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa kinyozi. Mama yake alikufa mwaka 1917, naye akalelewa na bibi yake kule Los Angeles. Alifagia majumba ya chuo ili apate kusoma, na mwaka 1934 akapata udaktari wa Harvard. Hata Kiswahili chetu alijifunza kidogo, tena London, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta!

Tarehe 17 Septemba 1948 Folke Bernadotte, mpatanishi wa ONU, aliuawa Yerusalemu. Bunche akashika mahali pake. Mwezi wa Januari 1949 akawaita wajumbe wa Misri na wa Israel katika kisiwa cha Rhodes, wakalala hoteli moja. Je, aliwaanzia na mipaka, kama mimi? La. Kwanza alisema na kila upande peke yake. Kisha akawakutanisha kwa jambo dogo kabisa: waikubali orodha ya mambo yatakayozungumzwa, na kuitia sahihi. Orodha ina faida gani? Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitaka wazoee kukutana, na wazoee kutia sahihi. Maneno magumu aliyaandika yeye, basi hakuna aliyelazimika kumeza maneno ya adui yake. Walipochoka, alicheza nao biliadi.

Tarehe 24 Februari wakatia sahihi. Lebanoni, Yordani na Siria wakafuata kabla Julai haijaisha. Bunche alikuwa ameagiza sahani za ukumbusho kwa wafinyanzi wa kisiwa. Mjumbe mmoja akamwuliza angezifanyia nini kama wasingepatana. Akajibu kwamba angezivunja juu ya vichwa vyao. Mwaka 1950 alipewa tuzo ya Nobel ya amani, mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Lakini kwetu Kongo mambo yalimshinda. Tarehe 4 Agosti 1960 alifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kumwambia Tshombe kwamba askari wa ONU wanakuja Katanga. Akaona watu wako tayari kupigana. Akashauri askari wangoje. Wengine walimlaumu sana. Mimi simlaumu. Kule Rhodes alikuwa na majuma sita, na pande zote mbili zilikwisha kuchoka na vita. Hapa alikuwa na siku moja, tena alikuja na habari iliyokwisha kukatwa.

Basi nilirudi kwa jamaa zile, nyumba kwa nyumba, majuma matatu. Sikuuliza habari za mpaka. Niliuliza tu mbuzi wapite wapi kwenda mtoni mpaka mavuno. Wakaandika majina yao, mmoja akapiga dole gumba. Karatasi ile ninayo sandukuni. Mpaka wenyewe hatujaugusa bado.