Santuri za Mpakani

Ziko santuri ambazo wenye nazo hawakubaliani ziwekwe rafu gani. Ukizipanga pamoja na soul ya miaka ya 1960, huonekana changa mno. Ukizipeleka kwenye disko, huonekana zina huzuni ya kizamani isiyolingana na taa za rangi. Na ukizitia katika fanki, besi yake hairingi vya kutosha. Hizo ndizo nizipendazo, na ndizo nilizokusudia kuzizungumza hapa, maadamu nimepewa nafasi na maadamu bado ninazisikia.

Kwanza jina. Mwaka 1970 Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri la Soul City mjini London, aliandika katika jarida la Blues & Soul juu ya muziki aliouita Northern soul. Alikuwa ameona kwamba washabiki wa mpira waliotoka kaskazini mwa Uingereza kuzifuata timu zao walikuwa wakipita dukani kwake, na hawakuulizia fanki mpya iliyokuwa ikiingia kutoka Marekani. Walitaka santuri za mwendo wa haraka, za katikati ya miaka ya 1960, zilizotengenezwa kwa mfano wa Motown. Kwa hiyo kaskazini inayotajwa si ya waimbaji. Waimbaji walikuwa Wamarekani Weusi wa Detroit, Chicago, Philadelphia na Los Angeles, na wengi wao hawakuwahi kulisikia jina la Wigan. Ni kaskazini ya wachezaji, watu wa miji ya makaa ya mawe, ya viwanda vya nguo na vya vyombo vya udongo.

Nimejaribu mara kadhaa kulifasiri jina hilo na sijaridhika hata mara moja. Soul si roho tu, kwani roho yetu ikitoka mtu amekwisha; wala si nafsi, ambayo kwetu aghalabu ni ya kulaumiwa kwa matamanio yake. Na hiyo "northern" ulimi wangu wa kisiwani huikimbilia kuwa kaskazi, upepo uletao majahazi. Ningeandika "soul ya kaskazi" msomaji wa huku angenielewa vingine, lakini asingepotea sana: muziki uliotoka mbali, ukatia nanga pasipo kwao.

Niliukuta muziki huu mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa nikifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate, Lancashire. Skuli niliiacha mapema. Kiingereza changu nilikipata kwa kamusi na kwa redio, na kwa mwokaji mmoja aliyenizidi takriban miaka kumi na mitano. Huyu alikuwa amecheza Wigan Casino tangu mwaka ilipofunguliwa, yaani 1973, na alilia (mwenyewe hakuona haya kusema) ilipofungwa mwezi Desemba 1981. Ndiye aliyenieleza ule mkesha ulivyokuwa: milango kufunguliwa usiku wa manane, pombe haiuzwi, poda ya watoto inamwagwa sakafuni ili nyayo ziteleze, vijana wanazunguka kama pia na kujitupa chini wakainuka katika pigo lilelile, hadi saa mbili asubuhi. Hakunificha kwamba vidonge vya kukeshea vilikuwapo, na kwamba viliwadhuru wengi.

Jambo lililonishika zaidi ni aina ya nyimbo walizokuwa wakizicheza. Nyingi zilikuwa zimeanguka sokoni kwao Marekani. Santuri ilitolewa Detroit mwaka 1965, haikununuliwa, ikasahauliwa ghalani, kisha miaka minane baadaye mtu wa Lancashire akaifanya sababu ya kuishi. Ile ya Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)", iliharibiwa karibu yote kabla ya kuuzwa. Nakala moja iliyosalimika ilinunuliwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Wapiga santuri walikuwa wakizifunika lebo kwa karatasi na kuzipa majina ya uongo ili wapinzani wao wasijue zilikotoka. Sijui kama kuna ushairi uliowahi kulindwa kwa wivu wa namna hiyo.

Ndipo ukaja ugomvi. Kaskazini-magharibi ya Wigan, katika mji wa pwani wa Blackpool, palikuwa na ukumbi uitwao Highland Room ndani ya jengo la Mecca. (Msomaji asishtuke: Mecca lilikuwa jina la kampuni ya kumbi za dansi.) Hapo Ian Levine na Colin Curtis, walipoona kisima cha miaka ya 1960 kinakauka, walianza kupiga santuri mpya, zilizokuwa zikitoka Marekani mwaka uleule. Mojawapo ilikuwa "It Really Hurts Me Girl" ya The Carstairs, ambayo Levine aliileta kutoka Marekani. Kwa sikio la leo si rahisi kuelewa ilimkera nani. Mwimbaji analia kama walivyolia wote kabla yake. Kilichobadilika ni kwamba ngoma imelegea kidogo, besi imepewa nafasi ya kusema maneno yake, na wimbo hauna haraka ya kumalizika. Kwa watu wa Wigan hilo lilikuwa ni uasi. Walifika kuvaa beji zilizomtaka Levine aondoke.

Mwokaji wangu alikuwa wa chama cha Wigan, hana shaka. "Hiyo si yetu," alikuwa akisema kila nilipomwonesha santuri yenye tarehe ya baada ya 1970, kabla hata ya kuisikiliza.

Mimi neno hilo nilikwisha lisikia, na kwa Kiswahili. Miaka ileile kwetu sisi watu wa mashairi palikuwa na vita yetu. Mwaka 1973, Wigan Casino ilipofungua milango, ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani, vina na mizani vimekaa sawasawa. Mwaka 1974, "The Bottle" ilipotoka Marekani na baadaye kuingia Blackpool, ilitoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, bila vina, na wanamapokeo wakasema kwamba hicho chaweza kuwa kitu kizuri, lakini shairi sicho. Mimi nilikuja duniani kuchelewa kuishuhudia vita hiyo ikianza, ila niliikuta ingali moto, na nimeitumikia pande zote mbili: ninatunga kwa mizani, na ninafasiri mashairi yasiyo nayo.

Hata hivyo mfano huu una mwisho wake, na ni haki kuuonesha. Bahari za mashairi yetu tulirithishwa na waliozitumia. Mapokeo ya Wigan yaliundwa na wasikilizaji, kutokana na vitu ambavyo wenyewe waliovitengeneza walikwisha viacha. Mwimbaji wa Detroit mwaka 1965 hakujua kwamba anaweka sheria. Alikuwa anatafuta kodi ya nyumba. Na kufikia 1974 huyo huyo, au binamu yake, alikuwa amekwisha vaa suti pana na anaimba juu ya fidla ishirini. Waingereza waligombana juu ya mpaka ambao wenye muziki hawakuwahi kuuchora.

Ushahidi wangu mkubwa ni Harold Melvin & the Blue Notes wa Philadelphia. Katikati ya miaka ya 1960 walitoa wimbo uitwao "Get Out", ambao watu wa Northern soul wanauenzi hadi leo. Mwaka 1973 kundi lilelile likatoa "The Love I Lost", na wanahistoria wengi wa disko huanzia hapo. Mwimbaji sasa ni Teddy Pendergrass, aliyeingia katika kundi akiwa mpiga ngoma, na nadhani ndiyo maana sauti yake hupiga badala ya kuelea. Wimbo ulianza studioni ukiwa wa taratibu, ukaharakishwa.

Hapa naomba niingie katika ufundi, kwani siri yote imo humo. Katika santuri nyingi za Motown, ngoma ndogo ya mkono hupigwa katika kila pigo: moja, mbili, tatu, nne. Mapigo hayo manne ndiyo yaliyomkamata mchezaji wa Wigan. Katika "The Love I Lost" mpiga ngoma Earl Young aliyashusha kutoka mkononi hadi mguuni. Ngoma kubwa ikayachukua yote manne, mkono ukabaki na la pili na la nne, na yale matuazi mawili ya mguu, yaliyopandana juu ya fimbo moja, yakawa yanafunguka baina ya pigo na pigo kwa sauti kama ya mtu avutaye pumzi kwa meno. Ndiyo disko hiyo. Hapakuongezwa jingine la maana. Mapigo manne yaleyale yameshuka ngazi, na juu yake umefunguliwa mlango wa shaba. Ukiyaziba matuazi hayo, umerudi Detroit.

"The Bottle" ya Gil Scott-Heron na Brian Jackson ni mpaka wa upande mwingine, wa fanki. Besi ndiyo inayoongoza msafara, filimbi ya Jackson inapita juu kama ndege asiyejali, na Scott-Heron, ambaye kwanza alikuwa mtu wa vitabu, anawasimulia watu walioharibiwa na ulevi, mmoja baada ya mwingine, pasi na kuwahukumu. Ni utenzi mfupi wa mawaidha, ila hauwaidhi. Niliwahi kuufasiri, nikauweka kabatini: maneno yote yalikubali, lakini ile chupa inayorudi kila mwisho wa ubeti ikawa nzito katika lugha yetu yenye silabi nyingi. Vijana wa Blackpool waliucheza kwa furaha kubwa. Wako wanaoliona hilo kuwa ni upuuzi. Mimi sioni hivyo. Mwili unaweza kucheza kitu ambacho akili inakililia, na mtu yeyote aliyehudhuria arusi za kwetu anajua.

Mingine nitaipitia haraka. "Weak Spot" ya Evelyn Thomas, iliyoingia katika chati za Uingereza mwaka 1976, Levine aliitengeneza Chicago kwa makusudi, akiiga alichokipenda. Kuiga kunasikika, na bado santuri ni tamu. Miaka minane baadaye wawili hao walitoa "High Energy", ambayo haina tena cha Northern soul ila kile kilio cha mwimbaji. Bi Thomas alifariki mwaka 2024. "I'll Be Holding On" ya Al Downing ina kisa chake. Mwaka 1974 Tom Moulton alikwenda kuchongewa sahani za majaribio, zile tupu za inchi saba zikawa zimekwisha. Wakatumia ya inchi kumi, kisha ya kumi na mbili, na wimbo wa Downing ndio unaotajwa kuwa wa kwanza kuchongwa katika ukubwa huo. Mifereji ilipopata nafasi ya kujitanua, besi ikatoka nene na sauti ikapanda. Ulimwengu mzima wa disko ukafuata ukubwa huo. Na wimbo wenyewe, kwa lahani na kwa uchungu, ungeweza kuwa wa 1966.

Sasa nije kwenye lile nililolidokeza mwanzo. Mwaka juzi nilipimwa masikio. Daktari, binti mpole, alinichorea mstari: sauti nene ninazisikia kama kijana, na kuanzia nyembamba mstari unaporomoka. Alinieleza kwamba ndivyo uzee unavyokula masikio, kuanzia juu kwenda chini. Katika ushairi nimeuona ukweli wa mstari ule. Irabu zote ninazo, lakini kina cha "sa" na kina cha "fa" vimeanza kuwa kina kimoja, na vijana wanaponisomea kazi zao ninatazama midomo. Katika santuri kilichoondoka ni yale matuazi ya mguu. Fidla zimepungua, filimbi ya Jackson imekuwa ya mbali. Ngoma kubwa na besi viko palepale. Maana yake ni kwamba kile kilichoitenga Blackpool na Wigan, kwangu mimi, hakipo tena. Earl Young anapiga, na mimi ninasikia Detroit.

Mwokaji wangu angefurahi, kwa sababu zisizo sahihi. Lakini nilimwona kwa macho yangu, usiku mmoja katika klabu ya wafanyakazi, mwaka 1994, mpiga santuri alipoiweka "The Love I Lost" bila kutangaza. Alisimama kutoka kwenye kiti, akacheza yote, zaidi ya dakika sita, macho yamefumbwa, kisha akarudi na kuniambia kwamba sakafu ilikuwa nzuri.

Wiki iliyopita nilimwita mjukuu wangu wa kike, ana miaka tisa, nikamweleza matuazi ni yepi na yakifunguka hulia vipi. Nikaiweka santuri, nikamwomba apige meza kwa ukucha kila ayasikiapo. Akaanza baada ya kitambo kidogo, kwa uangalifu, baina ya pigo na pigo, na mimi nikautazama ukucha wake nikiwa nimeweka kiganja juu ya kisanduku cha spika. Aliposhika mwendo akaniuliza kwa nini mtu huyu anafurahi na huku analia. Nikamwambia asiache kupiga.