Mlango Uliofungwa

Usiku mmoja jirani yetu alipiga yowe: wezi walikuwa wakimpiga. Sisi tulikaza komeo, tukasema moyoni, "Si sisi tunaompiga." Asubuhi hatukuweza kumtazama usoni.

Mataifa nayo yana sheria juu ya jambo hilo. Mapatano ya mwaka 1948 yanazidai serikali zizuie mauaji ya kimbari, wala si kuwaadhibu wauaji tu. Mwezi wa Julai 1995, huko Srebrenica katika Bosnia, wanaume na vijana zaidi ya 7,000 waliuawa. Mwaka 2007 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua: Serbia yenyewe haikufanya mauaji hayo, lakini ilikuwa na nguvu juu ya wauaji, isiwazuie, kwa hiyo ilivunja sheria.

Hukumu hiyo yatuchoma. Nasi tulikuwa wengi. Tungalitoka pamoja, wezi wangalikimbia.