Vitabu vya Msimu wa Kusi

Nyamisati, Jumapili 6 Julai 2025

Kusi limevuma tangu alfajiri na abiria wa Mafia wamekaa gatini na mizigo yao. Kaa wangu nimeshawafunga magando na kuwapanga kwenye matenga. Gari la Dar es Salaam litakuja jioni, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika yaliyozungumzwa jana Kibiti.

Tulikutana nyuma ya duka la Mwalimu kama tunavyofanya kila mwezi. Utaratibu wetu haujabadilika: kila mmoja aeleze kitabu alichokimaliza karibuni, kisha atoe kisa kimoja cha bahati kilichompata yeye mwenyewe. Kisa cha kusikia kwa watu hakipokelewi.

Mwalimu alikuja na *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, riwaya iliyotoka mwaka 1976. Tangu astaafu anaisoma upya kila akipata nafasi. Alitueleza jinsi Rehema anavyozaliwa na baba tajiri lakini akakua kama yatima, akateswa na mama wa kambo, akatoroka, mji ukamtupa huku na huku, mpaka akaangukia kwa Sulubu, mkulima asiye na kitu zaidi ya jembe na moyo safi. Mwalimu anasema watu huitaja nyota ya mtu kana kwamba iko mbinguni, ilhali katika riwaya hii kila balaa na kila nafuu ya Rehema ina mtu nyuma yake.

Kisa chake cha bahati kinahusu nakala hiyohiyo. Miaka mingi iliyopita aliisahau ndani ya basi la Lindi aliposhuka Kibiti. Akaihesabu imepotea. Baada ya miezi akapanda basi kwenda Ikwiriri, konda akamkazia macho. “Shikamoo, mzee wangu. Si wewe uliyeacha kitabu siti ya nyuma ya dereva?” Konda alikuwa amekisoma chote, ila kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika zamani. Alikihifadhi safari zote hizo akimtafuta mwenyewe amwambie: Rehema na Sulubu, lile shamba walibaki nalo? Mwalimu akamsimulia mwisho wa hadithi wakiwa wamesimama kwenye ujia, abiria wengine wakisogeza masikio, na walipofika Ikwiriri dereva mwenyewe akaomba wasubiri kidogo wamalize.

Nimelala nikimfikiria konda huyo. Angeweza kukiuza, au kukitupa. Kilichokirudisha kitabu ni hamu yake ya kujua.

Nyamisati, Ijumaa 11 Julai

Mwezi umekamilika jana, maji ni ya bamvua. Asubuhi yalipanda mpaka kwenye mizizi ya juu ya mikoko, na yalipokupwa tope lilibaki wazi mbali kabisa.

Leo imetimia miaka 110 tangu manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa humu deltani na mabaharia wake wenyewe. Tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imeivamia Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ikaikuta kwenye matengenezo, ikaizamisha. Kisha ikakimbilia huku kwetu, ikajificha ndani ya vijito vya Rufiji, Waingereza wakaizingira midomoni mwa mto kwa miezi. Mwishowe walileta Severn na Mersey, meli za mizinga zilizoundwa kuelea kwenye kina kifupi, na ndege juu ikawaelekeza makombora yao yanaangukia wapi. Tarehe 11 Julai 1915 nahodha Max Looff akaamuru meli yake izamishwe. Wajerumani waliing'oa mizinga yake kumi, ikakokotwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam, ikapigana vita nchi nzima. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo.

Kisa hicho ndicho kilichozaa riwaya ya Wilbur Smith, *Shout at the Devil*, ya mwaka 1968. Mwalimu aliniazima nami nimeimaliza wiki hii kwa msaada wa kamusi. Inakwenda mbio, inasisimua. Lakini nilipoifunga niliwaza wale waliokokota mizinga kwenye tope hili ninalolijua. Hakuna aliyewaandikia kitabu.

Nahodha anayeniletea kaa kutoka Salale alinisikiliza nikimhadithia, akacheka. “Dada, hao Wajerumani maji yaliwaficha. Mimi maji yaliniozesha.”

Basi akanipa chake. Alikuwa kijana, anaendesha mashua ya mzigo. Aliingia kijito kimoja siku ya kilele cha bamvua, maji yakiwa yamejaa mpaka mwisho wake, akapanda juu ya fungu la tope. Anayejua bahari anaelewa msiba huo. Ukikwama wakati maji ni makubwa kuliko yote, maji ya kesho yatapungua, ya keshokutwa yatapungua zaidi, mpaka yafike maji mafu. Itabidi ungoje bamvua lijalo, karibu nusu ya mwezi. Maji ya kunywa yaliwaishia upesi, na ya kijitoni ni ya chumvi. Kaya moja iliyokuwa kwenye dungu ikiamia ndege shambani iliona moshi wao. Wakamtuma binti na mtumbwi na madumu ya maji. Akaja siku ya pili, na ya tatu, na kila siku. Bamvua liliporudi mashua ikaelea, nahodha akaenda zake, kisha akarudi na wazee wake kuposa. Leo wana wajukuu.

Nilimuuliza bahati yake ilikuwa ipi, kukwama au kuelea. Akajibu bila kufikiri: “Kuonwa.”

Nyamisati, Ijumaa 18 Julai

Maji mafu. Kaa ni wachache, vyombo vimetulia, na mimi nimemaliza *Peponi*.

Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, aliyoiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1994. Sisi tuliipata kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kutoka Mkuki na Nyota. Yusuf ni mtoto anayefurahi kila tajiri Aziz anapowatembelea, kwa sababu humpa sarafu. Siku moja anapandishwa treni na tajiri huyo, akidhani ni matembezi. Kumbe baba yake ana deni, na yeye ndiye rehani. Anakulia dukani, anasafiri na msafara wa biashara hadi bara la mbali, na kitabu kinapofungwa tayari Wajerumani wanakusanya watu kwa ajili ya vita vyao. Nilikumbuka wakokota mizinga. Hawa hapa, angalau, wamepata mtu wa kuwatazama usoni.

Kila mtu anamwambia Yusuf ana bahati: ana sura nzuri, anapendwa, tajiri amemchukua. Hakuna anayemuuliza anataka nini. Nimejifunza kuwa mwangalifu na watu wanaomhesabia mwingine bahati huku wameshika kamba aliyofungwa nayo.

Bahati ya Gurnah mwenyewe inajulikana. Tarehe 7 Oktoba 2021 alipigiwa simu nyumbani kwake Uingereza kuambiwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi, akadhani ni mzaha. Alikuwa ameandika kwa miongo kadhaa, na huku pwani wengi wetu hatukuwa tumemsoma. Kwangu bahati iliyo kubwa kuliko simu ile ni kwamba mtu alikaa chini akaigeuza kila sentensi mpaka ikaweza kusomwa na muuza kaa wa Nyamisati, katika lugha ya watu wanaosimuliwa humo.

Kibiti, Jumapili 27 Julai

Nimekuja kumtazama Shangazi. Macho yake yamepungua nguvu na kusoma hakuwahi kujifunza, lakini katika kikao chetu yeye ndiye msikilizaji mkali kuliko wote. Nilimsomea *Peponi* jioni mbili mfululizo, akanisimamisha kila mara: “Rudia hapo. Huyo mama mtu alisema nini mtoto alipoondoka?”

Baada ya chakula nikamdai kisa cha bahati. Akanipa cha mafuriko.

Aprili 2024 mto ulipovimba na kufunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mpunga wake ulikwenda wote. Nyumba ya deltani ikaingiwa na maji na kilindo cha mbegu kikalowa, mbegu ikachipua humohumo ikaoza. Watu wengi walibaki hivyo, hawana cha kuvuna wala cha kupanda. Lakini msimu mmoja nyuma alikuwa amemwazima jirani wa juu, huku upande wa barabara ya Kilwa, mbegu ya kuanzia. Ndugu walimlaumu wakati ule: mbegu ya delta unaipeleka mchangani ya nini? Maji yalipopungua, jirani akaja na gunia kichwani bila kuitwa. Mbegu ileile, iliyozoea tope letu. Shangazi akachukua ya kwake, na iliyobaki akaigawa kwa majirani kwa vibaba. Mavuno ya mwaka huu kwenye mashamba yale yametoka kwenye gunia hilo.

Nikamwambia ndiyo maana wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Akatikisa kichwa. “Methali hiyo inasema kitoweo tu, mwanangu. Atakayegaagaa atapata samaki, sawa. Huo wali wenyewe, nani kampa?”

Sikuwa na jibu. Swali lake nimeliandika hapa nisilipoteze.

Nyamisati, Jumatatu 4 Agosti

Miaka 120 leo. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale pale Mohoro, siku chache baada ya Wamatumbi kuanza vita vya Maji Maji kwa kung'oa pamba. Ngarambe, alikogawia watu maji, ni Rufiji hiihii.

Nimesoma tena tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya mwaka 1969. Hussein ni mzaliwa wa Kilwa, na Rufiji ya tamthilia yake ina njaa, ina kodi, ina mashamba ya pamba ya lazima ambayo wenyewe hawali matunda yake. Nilipoisoma shuleni niliona habari ya dawa ya kugeuza risasi. Safari hii nimeona jambo jingine. Kabla ya maji, watu wa Hussein wanabishana: Wamatumbi wao, Warufiji wao, kila kabila linalinda lake. Maji yanawaleta pamoja, na yule aliyeyaleta anaanza kuogopa kile watu wanachokitarajia kwayo. Mwishoni anateswa aseme yalikuwa uongo, akakataa, kwa kuwa akilitamka neno hilo wajukuu wataambiwa kwamba hata kule kusimama pamoja kulikuwa upuuzi.

Maelfu kwa maelfu walikufa mpaka vita vilipozimwa mwaka 1907, na njaa iliyofuata iliua wengine wengi. Siwezi kuliita jambo hilo bahati kwa namna yoyote. Ila nafahamu sasa kwa nini tamthilia hii haizeeki. Kinga waliyoipata watu wale haikuwa ndani ya chupa. Kwa muda mfupi, mtu wa kijiji kimoja aliweza kumtegemea mtu wa kijiji ambacho hakuwahi kukifikia.

Kibiti, Jumamosi 9 Agosti

Kikao kilikuwa kikubwa, wageni wa Nane Nane wamo. Zamu yangu iliangukia mwisho, nikatoa kisa ambacho nimekaa nacho muda mrefu.

Mama yangu alizaliwa Mafia. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwishoni mwake Mwalimu Nyerere akazitaja wilaya chache ambako ujinga wa kutosoma ulitakiwa ufutwe kabisa kufikia mwisho wa 1971. Mafia ilikuwa mojawapo, pamoja na Ukerewe na Masasi. Mama alikuwa msichana asiyepata kukanyaga darasa. Kijana aliyemaliza shule ya msingi alipangiwa kuwafundisha jioni, chini ya mwembe, wakulima na wavuvi na wasichana kama yeye. Alifundisha bila mshahara wa maana, na Mama alisema hakukosa hata mvua iliponyesha. Alihamishia darasa ubarazani kwao.

Kisha Mama akaolewa huku deltani. Alivuka mlango wa bahari na sanduku la nguo na daftari lake la kisomo. Katika kitongoji chetu ndiye aliyesoma barua za watu wote. Mimi nilijua herufi kabla sijaanza shule, kwa sababu aliniandikia kwenye tope kwa kijiti cha mkandaa, maji yakija yanafuta, tunaanza upya.

Nilipomaliza, Mwalimu akauliza kama kawaida, “Na hapo bahati ni ipi?” Wengine wakasema ni Mafia kuchaguliwa, kwa kuwa Mama angezaliwa ng'ambo hii angesubiri zaidi. Ni kweli. Lakini wilaya ilichaguliwa kwa hotuba. Kusoma kulimfikia Mama kwa miguu ya kijana yule aliyekuja kila jioni. Nikawaeleza alichoniambia nahodha, na gunia la Shangazi. Nikapendekeza tuongeze sharti moja: kuanzia Septemba, anayetoa kisa cha bahati amtaje mtu aliyemletea bahati hiyo, na kama hajamshukuru, aende.

Wamekubali wote. Nami nimejikuta wa kwanza kudaiwa, kwa kuwa Mama alifariki bila kuniachia jina la mwalimu wake. Mama mdogo yuko Kilindoni na kumbukumbu zake ni nzima. Kusi likipungua nitavuka kumwuliza. Kijana yule, kama yu hai, ni mzee wa miaka sabini na kitu, na nataka asikie kutoka kinywani mwangu kwamba darasa lake la chini ya mwembe bado linasoma.